Anabeba Saba Kila Siku

Ruqaiya Salmin alizaliwa mwoga, na kwa miaka mingi woga huo ulimfaa kuliko ujasiri ulivyowafaa wengine. Alipokuwa msichana mdogo mtaani Bondeni, mjini Nakuru, haukupita mwaka bila mtu kuja mbio akitangaza kwamba simba ametoroka mbugani na yuko njiani. Wengine walicheka, wengine wakafunga milango. Ruqaiya ndiye aliyemshika mleta habari shati na kumuuliza: nani amemwona, amejuaje kuwa ni simba, na kuna mwingine aliyemwona? Majirani walimwita mjuaji. Ujuaji wapi, mtoto wa watu alitaka tu kujua akimbilie upande gani.

Woga huo baadaye akaugeuza kazi. Alisomea ualimu, akaajiriwa katika shule moja ndogo ng'ambo ya barabara kuu, karibu na Kaptembwo, na mwalimu mkuu, Bwana Ndegwa, akampa chumba kilichokuwa stoo ya majembe akamwambia hiyo ndiyo maktaba. Ruqaiya hakununa. Alifagia, akatundika magazeti kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, akaweka redio ambayo betri zake zilishikiliwa na mpira, akabandika mabango ya zahanati na ya mikutano ya mtaa. Humo ndimo alimowafundisha watoto wa gredi ya saba kutofautisha gazeti na redio, redio na bango, bango na simu, na kuipima kila habari kabla ya kuimeza. Maswali yake yalikuwa yale yale ya simba. Nani amesema? Amejuaje? Kuna mwingine aliyethibitisha? Watoto waliyaimba hata wakiwa kwenye foleni ya chakula, na mpishi akitangaza kwamba maharagwe yameiva, huulizwa amejuaje.

Muhula mmoja baba yake pia alikuja kufanya kazi hapo. Mzee Salmin alikuwa amestaafu udereva wa lori, baada ya nusu ya maisha yake kuishia kwenye barabara ya Mau Narok akishusha ngano na viazi. Kukaa nyumbani kulimshinda. Shule ilihitaji mtu wa kuwavusha watoto wadogo wa chekechea wanaotoka Kaptembwo, maana magari ya barabara kuu hayana huruma, na mzee alikuwa na gari lake jeupe lenye safu mbili za viti nyuma. Asubuhi huwachukua, alasiri huwarudisha. Watoto wenyewe walikuwa saba.

Sasa huyu mzee alikuwa na ada zake. Akifika stendi ya Kaptembwo alasiri, hupiga honi mbili fupi na moja ndefu, halafu husubiri na milango imefungwa. Akina mama husikia, huja. Mama akifika dirishani, mzee humuuliza, "Jina la mtoto?" Si mara ya kwanza tu, la, kila siku, hata kama ni mama yule yule wa jana na juzi, hata kama mtoto yuko ndani anapunga mkono akiita mama. Jina lisipotajwa, mlango haufunguki. Akina mama walicheka, wakambandika jina la Mzee wa Jina. Lakini zaidi ya hao saba, mtaa mzima haukumjua. Kaptembwo ni mtaa wa watu wengi na vyumba vingi, na mzee mgeni mwenye kofia na kanzu anaweza kupita hapo muhula mzima bila kuulizwa ni nani.

Wiki moja kabla ya haya ninayosimulia, mtoto mmoja wa mtaa wa jirani alikuwa amepotea. Alipatikana Karagita, kule Naivasha, kwa shangazi yake, amekaa anakula viazi, kumbe baba ndiye aliyempeleka bila kumwambia mama. Habari ya kupotea ilifika kila mlango. Ile ya kupatikana haikufika hata nusu. Hofu ikabaki imening'inia mtaani, haina pa kukaa, inamtafuta mtu.

Na katika wiki hiyo hiyo Ruqaiya alifundisha somo la aina za vyombo vya habari. Aliwapa watoto habari moja ya kweli, waiandike mara nne: kama gazeti, kama redio, kama bango na kama ujumbe wa simu. Alihangaika sana kuichagua habari yenyewe. Hakutaka ajali, hakutaka siasa, hakutaka wizi. Alitaka jambo ambalo haliwezi kumdhuru mtu yeyote duniani, ndipo akamchagua baba yake. Aliandika ubaoni kwamba Mzee Salmin huwapeleka watoto saba wa Kaptembwo shuleni kila siku kwa gari jeupe. Akawagawia na nakala za picha aliyompiga mwenyewe siku ya Idi, wazibandike daftarini, mzee amevaa kofia, anacheka hadi pengo linaonekana.

Watoto waliandika. Magazeti yao yalijaa maneno mazito, redio zao zilianza na muziki. Lakini ujumbe wa simu uliowapiku wote ulikuwa wa msichana mmoja mpole aliyeitwa Joan. Ulisema hivi: *Huyu mzee ndiye anabeba watoto Kaptembwo. Saba kila siku. Gari nyeupe. Mjue.*

Ruqaiya aliusoma kwa sauti mbele ya darasa. Tazameni, aliwaambia, mfupi, una picha, hauna neno la uongo, na mtu akianza kuusoma hataacha. Akauwekea alama ya vema kubwa nyekundu. Hakuliona lolote baya, na mimi siwezi kumlaumu, kwa sababu Nakuru ndivyo tunavyosema. Dereva hubeba watoto, bodaboda hubeba abiria, mama hubeba mtoto mgongoni. Ila ndivyo tunavyosema pia mwizi akipita: wamebeba simu yangu, wamebeba ng'ombe, kijana wa fulani amebebwa na hajulikani aliko. Neno ni moja. Anayelisikia ndiye humalizia mwenyewe, kulingana na kilichomo moyoni mwake siku hiyo.

Joan alienda nyumbani na alama yake, akamwonyesha mama yake, Wangare. Wangare ni mama kama mama wengine, mtoto akisifiwa hulala na furaha. Akaupiga picha ukurasa ule pamoja na picha ya mzee, akautuma kwenye kundi la wanawake wa ploti, wapangaji wenzake, na chini akaandika, "Kazi ya msichana wangu, madam amemsifu." Wa kwanza kupokea walimpongeza. Mmoja wao akautuma mbele, lakini hakuona haja ya kutuma na maneno ya Wangare. Wa tatu akaona picha inasomeka vibaya, akayaandika upya maneno ya Joan vizuri chini ya uso wa mzee. Ukurasa wa daftari ukapotea hapo, na alama nyekundu ikapotea nao. Wa nne akaongeza juu yake yale maneno ambayo Mkenya huyaandika anapotaka kunawa mikono: *forwarded as received*. Yaani nimeletewa hivi, nami nakuletea hivi, tusiulizane.

Alasiri ya Alhamisi, Ruqaiya alikuwa ofisini mwa walimu akinywa chai. Namalwa, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameinamia simu yake, uso umemkunjamana. Akasema Kaptembwo kumechafuka, kuna mwizi wa watoto, sasa wana hadi picha yake. Akamnyoshea Ruqaiya simu aone.

Ruqaiya aliliona pengo kwanza. Halafu kofia. Kisha akayasoma maneno, na akayajua kabla hajayamaliza, kwa sababu ndiye aliyeyasoma kwa sauti. *Saba kila siku.* Kikombe kilimponyoka, chai ikamwagikia mapajani, wala hakuhisi moto wake. Akaishika meza kwa mikono miwili. Namalwa alimtazama, akatazama simu, akauliza kwa sauti ya chini kama anamfahamu mtu huyo.

"Ni Baba," alisema Ruqaiya. "Na ameshaondoka na watoto."

Alipiga simu ya mzee. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita vile vile, na yeye alijua ingeita mpaka betri iishe, kwa maana Mzee Salmin hashiki simu akiwa na watoto garini. Hiyo nayo ilikuwa mojawapo ya ada zake, na Ruqaiya ndiye aliyemsihi asiivunje. Bwana Ndegwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema anawapigia polisi. Ruqaiya hakungoja kumsikia. Alitoka mbio, buibui limeloa chai, hadi barabara kuu wanapopita waendesha bodaboda, akapanda ya kwanza aliyoiona, akasema Kaptembwo, stendi, haraka.

"Hata mimi naenda huko, madam," alisema kijana wa bodaboda, akaiwasha.

Ruqaiya aliitambua sauti. Alikuwa Jerry, aliyemfundisha miaka ya nyuma humo humo maktabani, kijana mtulivu ambaye alipenda kusoma kurasa za michezo magazetini kuanzia nyuma. Moyo ulimtulia kidogo. Kisha Jerry akamwambia, bila kugeuka, kwamba kuna mwizi wa watoto amezingirwa stendi, vijana wote wa stage, kijiwe cha bodaboda, wameitwa, na leo huyo mtu atajua hajui.

Ruqaiya alikuwa ameketi nyuma ya mmoja wao. Mikono aliyokuwa anaiona imeshika usukani, mikono iliyowahi kumnyoshea daftari, ilikuwa inaenda kumpiga baba yake. Alifikiri aseme. Akafikiri, nikisema atasimama hapa hapa aniache barabarani, nami nitafikaje? Akauliza kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida, amejuaje kwamba ni kweli.

"Madam, si wewe ulitufunza?" Jerry alisema, na katika sauti yake kulikuwa na fahari kidogo. "Mimi situmi kitu ovyo ovyo. Niliiuliza maswali yako yote. Nani amesema? Nilifuatilia, ni mtoto wa hiyo shule yenyewe. Amejuaje? Anaiona hiyo gari kila siku na macho yake. Kuna mwingine? Majirani wawili wameona mzee na gari nyeupe, watoto ndani. Imepita, madam. Imepita yote."

Upepo ulikuwa unampiga usoni. Kila jibu lilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe angempa Jerry alama zote. Ilimjia wazi, pale juu ya pikipiki, kwamba maswali yake aliyatengeneza kwa ajili ya uongo, na huu haukuwa uongo. Hapakuwa na neno moja katika ujumbe ule la kukanusha. Hofu aliyoihisi hapo haikuwa ya siku zote. Ya siku zote ilikuwa na upande wa kukimbilia.

"Jerry," alisema, "huyo mzee ni baba yangu. Anawabeba kuwapeleka kwao."

Pikipiki iliyumba. Jerry aliinama mbele, akaikata barabara, akapita kati ya mikokoteni kwa kasi ambayo siku nyingine ingemfanya Ruqaiya apige kelele. Siku hiyo aliona wanatambaa.

Watu walikuwa wamejaa stendi kama siku ya mkutano wa kampeni. Katikati yao palionekana paa jeupe la gari. Ruqaiya alishuka pikipiki haijasimama vizuri, akajipenyeza, anasukumwa huku na huku, anaona migongo tu, viwiko, mkono wenye jiwe, kisha kioo. Baba yake alikuwa ameketi nyuma ya usukani, milango imefungwa, madirisha yamepandishwa. Kofia ilikuwa imekaa sawasawa kichwani. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia, nyuso zimebanwa kwenye vioo, pua zimelowa.

Na hapo ndipo penye ubaya. Watoto walilia kwa sababu ya watu, na watu wakazidi kuwaka kwa sababu watoto wanalia. Mwanamke mmoja alikuwa anapaza sauti akiwaita wenzake waje wajionee, watoto wenyewe hao ndani, wamefungiwa, kama huo si ushahidi ushahidi ni nini. Kila aliyefika alichungulia, akaona machozi, akatosheka. Kijana mmoja aliitisha petroli, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai kibandani.

Ruqaiya alijitambulisha. Alisema yeye ni mwalimu wa watoto hao. Aliulizwa mwalimu gani, wa shule gani, mbona ana haraka hivyo. Akasema mzee huyu ni dereva wa shule. Mtu akainua simu akamwonyesha picha, akamwambia soma mwenyewe. Akasema, akilia sasa, kwamba ni baba yake. Akasikia nyuma yake mtu anasema, "Kumbe ako na msaidizi." Mkono ukamshika mtandio kwa nyuma, ukauvuta hadi pini ikamchoma shingoni.

Jerry aliuondoa mkono ule. Aliingia kati yao akawanyoshea vijana wa stage viganja vyote viwili, akiwasihi kwa majina yao wangoje, wangoje kidogo tu. Wengine walisita. Wengine walimuuliza amelipwa ngapi. Ruqaiya alisukumwa mbele hadi tumbo lake likagonga boneti, akabaki hapo, amelala nusu juu ya gari, uso kwa uso na baba yake kupitia kioo. Mzee alimtazama. Akatikisa kichwa, anamwambia aondoke.

Alikuwa amefundisha gazeti, redio, bango na simu. Alikuwa na maneno mengi, na hakuna hata moja lililofaa kitu pale, kwa sababu kila neno alilolitoa liligeuzwa likiwa bado kinywani. Ndipo alipokumbuka kwamba mtaa huu una chombo kimoja ambacho hakikuwamo katika somo lake. Akainua ngumi, akaigonga boneti. Mara mbili kwa haraka, kisha akaikandamiza ngumi pale pale. Mbili fupi, moja ndefu.

Mzee alitikisa kichwa tena. Aliogopa kuwatibua zaidi. Ruqaiya akagonga tena, na tena, akimtazama machoni, na midomo yake ikisema, Baba, tafadhali.

Mzee Salmin akapiga honi.

Watu walishtuka wakaruka nyuma. Jiwe lililokuwa likisubiri sababu likaipata, likavunja dirisha la upande wa dereva, na damu ikamtoka mzee juu ya jicho. Hakuacha. Mbili fupi, moja ndefu. Watoto ndani walinyamaza mmoja mmoja, maana honi hiyo kwao ilikuwa na maana moja tu, kwamba wamefika nyumbani. Mbili fupi, moja ndefu.

Kutoka kibanda cha chipsi kilicho nyuma ya maduka, mama mmoja alitokea na kichujio cha mafuta mkononi na hasira usoni. Alikuwa Chepkosgei, na mtoto wake wa mwisho alikuwa ndani ya gari hilo. Kelele za stendi amezizoea, hakuzijali, ila honi alikuwa anaingoja tangu mafuta yapate moto. Alipita katikati ya watu akiwasukuma kwa kiwiko, akiuliza hawa wote wanataka nini, leo kumetolewa unga wa bure? Aliyeitisha petroli akapisha. Chepkosgei akafika kwenye dirisha lililovunjika, akaona damu, akashika mdomo.

"Mzee wangu, nani amekufanyia hivi? Hebu fungua, nimchukue mtoto."

Damu ilikuwa inamwingia mzee jichoni. Alijifuta kwa mkono wa kanzu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Jina la mtoto?"

Chepkosgei aliwatazama watu waliomzunguka, wenye mawe na simu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akalitaja jina lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa barabara. Mzee akafungua mlango mmoja. Mtoto akashuka, akamkumbatia mamake miguu. Mlango ukafungwa.

Mama wa pili alikuwa amefika, mtoto mwingine mgongoni, anahema. Akaulizwa jina, akalitaja. Wa tatu akaja na sabuni mikononi. Na kwa kila jina lililotajwa watu wa nyuma walipungua, kila mtu kajikumbusha kwamba ana kazi mahali. Hakuna aliyeomba radhi. Yule aliyerusha jiwe alimsogelea Jerry akamuuliza kulikuwa na nini hapa, kama mtu aliyefika sasa hivi. Askari walipowasili walimkuta Ruqaiya ameketi chini kando ya gurudumu, ameshika pindo la kanzu ya baba yake, hawezi kusimama.

Kidonda kilishonwa, kikapona. Joan hakupona upesi hivyo. Alikaa nyumbani siku kadhaa, na aliporudi alikuja maktabani akasimama mlangoni, daftari lake kifuani. Aliuliza alikosea wapi, ili asirudie. Ruqaiya alilichukua daftari, akaufungua ukurasa ule wenye alama nyekundu. Aliusoma neno kwa neno akitafuta kosa la kumwonyesha mtoto, akakosa mahali pa kuweka kidole. Alimwambia kwamba hakukosea. Kisha akatoa kalamu, akaikata ile alama ya vema, na akamwambia kwamba aliyekosea ni aliyeiweka. Wote wawili wakalia, na huko nje watoto waliendelea kuimba nani amesema, amejuaje.

Mzee Salmin aliacha kubeba watoto. Akina mama walimwendea hadi nyumbani Bondeni kumsihi, Wangare akiwa wa kwanza, akilia kuliko wote, lakini mkono wake ulikuwa haushiki tena usukani bila kutetemeka akiona watu watatu wamesimama pamoja. Alilifunika gari turubai. Akasema atapanda Mau Narok, akakae kwa watu wa kule, apakie viazi na ngano kama zamani. Kule baridi ni kali lakini ni mbali, na mambo ya Kaptembwo hayafiki. Ruqaiya aliona hilo ni jema. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alijua akimbilie upande gani. Alimfulia makoti yake ya zamani, akayaanika uani.

Asubuhi aliyokuwa aondoke, walikuwa wanakunywa chai, mzee ameshavaa viatu. Simu ya Ruqaiya ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mama yake mdogo, Kadija, aliyeolewa Mau Narok na ambaye hakuwa ameonana na mzee tangu mazishi ya dada yake, mamake Ruqaiya. Juu kulikuwa na picha ya Idi. Pengo, kofia. *Forwarded as received.* Maneno yalikuwa yale yale ya Joan, hayakuongezwa hata nukta, isipokuwa Kaptembwo ilikuwa imefutwa na mahali pake pameandikwa Mau Narok. Chini yake Kadija alikuwa ameandika ya kwake: "Ruqaiya mwanangu, huyu mtu amefanana sana na babako. Mwambie asije huku siku hizi, watu wameapa wakimpata hawatauliza."

Ruqaiya alijaribu kuifunika simu kwa kiganja. Alichelewa, mzee alikuwa ameshaiona picha yake mwenyewe ikimcheka. Aliweka kikombe chini polepole. Nje, mtu alipita kando ya ukuta akizungumza na simu, na wote wawili walinyamaza mpaka nyayo zake zikapotea.

"Safari hii," mzee aliuliza, "inasema nawapeleka wapi?"

Ruqaiya aliisoma tena, kuanzia mwanzo, ingawa aliijua kwa moyo.

"Haisemi, Baba."

Mzee aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu.